Kichwa Changu Magotini pa Kidawa

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
nyuma ya Singano fundi baiskeli,
ndiko ninakopeleka kichwa kila mwezi.
Kidawa anakipokea, anakibana kwa magoti,
anachovya kidole kwenye mafuta ya nazi
na kuchora njia toka pajini hadi kisogoni.
"Akili ni nywele," namchokoza.
"Ndiyo, kila mtu ana zake," anajibu.
"Ila wengi wenu mwaniletea mie niwachanie."

Mwaka ule wa upatu wa kuvuna mara mbili
mtaa mzima ulilewa bila tembo.
Weka elfu hamsini, mwezi ukiandama uchukue laki.
Aliweka mwalimu wa hesabu.
Aliweka Singano, kwa baiskeli tatu zisizo zake.
Shangazi yangu Mwanamkuu aliweka pete.
Walipomfuata Kidawa
hakusema ndiyo, hakusema la.
Alishika kitana, akashika na wanja.
Kila jino mzunguko mmoja, kila mzunguko namba kiooni:
wawili, wanne, wanane, kumi na sita,
kioo kikajaa, hatujajiona tena nyuso,
na meno bado yapo.
"Mkifika jino la ishirini," akasema,
"Tanga yote na Muheza yake haitoshi.
Hao wa mwisho watalipwa na nani, na dagaa?"

Wakamwita mjuaji.
Bi Tatu Kupaza, mteja wa miaka tisa,
akasema akili nyingi huondoa maarifa,
akahamishia kichwa Barabara ya Nane.
Miezi mitatu kigoda kilikaa kitupu
na kisamvu kikawa mchana, kikawa usiku.

Usidhani nakuletea hadithi ya acheke mwisho.
Upatu ulipovunjika hakucheka.
Shangazi alikuja, kidole kitupu,
akasukwa bure, mistari saba, ya kwendea kilioni.
"Mbona hukumwambia, nilisema mie?"
"Kwani mie sikukosea?
Nilikadiria utavunjika Mfungo Sita.
Umefika Mfungo Nane."
Na hilo kaliandika.
Ana daftari la makosa, kalifunga kwa uzi wa rasta.
Humo mna mwarobaini aliosema unaponya mba, haukuponya.
Mna Singano, aliyemdhania mwizi wa feni.
Mna mwanamume asiye na jina, na mbele yake maneno manne:
sikumuuliza hata swali.

Watu hudhani mwenye kufikiri hukauka
kama singa za mkonge kwenye kamba.
Waje Ijumaa jioni Raskazone
wamwone akipiga mbizi na dera lake, miaka arobaini na tatu.
Waliposema mwanamke wa makamo haogelei,
aliuliza, "Kasema nani?"
Wakatazamana.
Wakati wanatazamana, alikwisha lowa.

Leo nimemletea langu.
Mjomba ataka nimpokee mwenye lori.
Mama ataka nirudi chuoni nikasomee ualimu.
Shoga zangu wataka niende Maskati, na pasi wamenijazia fomu.
Nimemaliza kusema, nangoja.
Vidole vikasimama kichwani.
"Na wewe waonaje?"

Nje, gurudumu la Singano lilikuwa likizunguka peke yake,
tik, tik, tik, linapungua.
Miaka ishirini na sita ya nywele hizi,
zimeshikwa, zimevutwa, zimesifiwa,
na swali hilo halijapata kukaa juu yake.
Nilifungua mdomo, akatoka mjomba.
Nikaufunga. Nikaufungua, akatoka mama.
Kidawa hakunihimiza.
Akanitia kitana mkononi.
"Nyuma nitakusuka. Huku mbele jichane."

Kinauma, kitana, ukikishika mwenyewe.
Hujui pa kuanzia, na kioo chakuonyesha kinyume.
Njia yangu ya kwanza ilipinda
kama ile ya Pangani wakati wa masika.
Hakuinyoosha.