Sahihisho, Ukurasa wa Pili

Saa nne usiku, Buguruni, chumba cha habari.
Feni inazunguka kama mtu aliyesahau neno.
Barua imefika jioni, mhuri wa zambarau:
tuombe radhi kabla ya mapambazuko,
ukurasa wa pili, herufi za ukubwa wa kumi na nne.

Kazi nimepewa mimi, msahihishaji,
miaka kumi na tisa na kalamu nyekundu.
Nimewarudishia mawaziri herufi walizodondosha,
nimemnyooshea diwani sentensi
ilhali yeye mtaro hakuunyoosha.
Haya, naanza.

"Katika toleo letu la Jumanne tuliandika
kwamba maji ya bomba Kiwalani yana rangi ya chai.
Mheshimiwa amefafanua kuwa si chai."

Nasita. Nafuta nukta, naweka mkato, narudisha nukta.
Lusajo, aliyeandika habari ile, alirudi na chupa
akaiweka mezani kwangu, juu ya kamusi.
Bado ipo. Tope limetuama chini;
juu, maji yamejifanya safi
kama msemaji wa wizara.

Lusajo mwenyewe hayupo.
Aliitwa juzi kwa mahojiano mafupi.
Simu yake inaita, inaita, kisha yule dada
mwenye sauti ya asali anasema hapatikani.
Mama yake amepiga mara tatu kutoka Tukuyu,
anauliza kama mwanawe anakula.
Nimemwambia anakula.
Na hilo litahitaji sahihisho.

Jana, kwenye uzinduzi wa kalavati,
Mheshimiwa alikigonga kipaza sauti kwa kidole, tu, tu,
akasema: "Waandishi hawa ni kunguru.
Jalalani ndiko kwao. Na kunguru
mji huu uliwahi kuwatega. Tutawatega tena."
Watu wakacheka. Wengine walicheka
huku wakitazama nani hacheki.

Nimezaliwa Ilala, kunguru namjua.
Shingo ya kijivu, mwizi wa sabuni,
alimla kifaranga wa bibi yangu mchana kweupe.
Simpendi, na sitamsifu hapa.
Ila alfajiri nikisikia wanalia upande mmoja wa mtaa
najua kuna kitu kimekufa kule,
na aliyekitupa alikitupa usiku.
Nakumbuka ilipoletwa mitego,
vizimba vya waya na kipande cha nyama ndani.
Kunguru wakapungua. Jalala likabaki,
likanenepa kimya kimya,
mpaka kipindupindu kikaja kutupa habari chenyewe.
Wahenga walisema kunguru hafugiki.
Hawakusema halishwi sumu.

"Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza."
Usumbufu. Ukiondoa herufi nne, inabaki sumu.
Ugonjwa wa kazi huu, kuona vitu kama hivi.

Mhariri yuko mlangoni, koti begani, hanitazami.
"Dada Mwamvua, mtambo unasubiri.
Watu thelathini na sita wanakula kwa gazeti hili."
Kweli. Mmoja wao ni mimi:
kodi ya chumba, gesi, ada ya Rukia.

Saa saba naituma. Nimeomba radhi,
herufi kumi na nne, kama walivyotaka.
Ila nimeruhusu kosa moja kupita,
la kwanza kwa makusudi tangu niajiriwe.
Baada ya "si chai" nimeongeza maneno mawili:
"Ni maji."

Asubuhi, Karume, Chande atatandaza magazeti chini,
na wale wasomaji wa vichwa vya habari, mikono nyuma,
watainama, watasoma bure, watanyanyuka.
Labda mmoja atanunua. Labda atafunua.
Labda nyuma ya bega lake kutakuwa na mtu wa Kiwalani
atakayecheka kwa pua.

Nazima taa. Chupa naiacha pale pale,
juu ya kamusi.
Lusajo akirudi aikute.