Nyeupe Haipakwi

Maji ya kuchorea niliyakinga usiku,
saa nane, bomba la Kadutu lilipokohoa
likakumbuka kazi yake.
Kikombe kimoja nimekiiba kwenye bidoni la kupikia.
Mama angeniona angeuliza: rangi zinaliwa?

Wamekaa mezani wawili, migongo ukutani.
Wa kwanza wa matambara, sare ya shule, buluu na nyeupe,
tumboni kajazwa shati la baba; kola bado inagusika.
Wa pili wa plastiki, aliteremka na balo la mitumba,
mwili wa waridi, mguu mmoja.
Jicho la kushoto hufumba akilazwa.
La kulia halijawahi kulala.

Huyu ndiye tuliyempaka mawese na masizi ya sufuria,
Nsimire na mimi, nyuma ya choo,
tukimtafutia rangi ya nyumbani.
Tulichapwa kwa ajili ya mawese.
Masizi yamebaki kwenye mkunjo wa sikio.
Nayachora hayo kwanza, kwa ncha ya brashi,
kisha uso unayafuata, unachuruzika,
kahawia inaingia ndani ya waridi bila kubisha hodi.

Shavu nimeliacha. Kwenye rangi za maji
nyeupe haipakwi, unaizunguka tu,
kama watu wanavyolizunguka jina fulani matangani.

Nimempelekea Nsimire picha, Lubumbashi.
Amejibu kwa sauti, anacheka, mtoto analia nyuma yake:
"Huyo alikuwa wangu!
Wewe ulikuwa na gunzi la mahindi, ukaliita Mugoli,
ukalibeba mgongoni kwa kitenge cha koko
mpaka mbuzi wa Mama Cishugi akalitafuna.
Ulilia siku mbili. Umesahau?"

Nimesahau.
Nimekaa, brashi mkononi, tone linaning'inia.
Ni mgongo uliojibu:
kitu chembamba, kikavu, kinakwaruza,
na zile ndevu za mahindi zilizokuwa nywele zake
zikinitekenya shingoni nikikimbia mteremkoni.

Karatasi imejikunja pembeni, inakauka.
Kati ya hao wawili kuna nafasi, upana wa vidole vitatu.
Sikuipanga. Asubuhi nilidhani nimekosea vipimo.

Siigusi.
Nimemwaga maji ya kikombe mlangoni, yamekuwa tope tupu,
na mbuzi mmoja, mjukuu wa yule labda,
amekuja kuyanusa.