Jua la Ghorofa ya Tano

Miaka thelathini na minne nimeuwasha mji huu:
taa za daraja, za soko, za uwanja wa barafu,
na ile ya kona ya Annelinn, iliyozimika kila upepo ukivuma
hadi nilipopanda usiku mmoja, vidole vimekufa ganzi,
nikakuta kunguru kajenga ndani.
Sikuwahi kuombwa jua.

Leelo alimleta kwenye boksi la viatu,
kobe mdogo kuliko kikombe changu cha kahawa,
akamwita Kivi, yaani jiwe,
nami nikasema moyoni, jiwe halisumbui.
Desemba ya Tartu: kunapambazuka saa tatu,
na saa tisa u nusu mchana umeshafunga duka.

Nikamtia katika tangi la samaki la zamani.
Kutwa akaukwaruza ukuta wa kioo, kru, kru,
analiona zulia ng'ambo, halifikii.
Nikamwashia taa ya kusomea. Inang'aa, nikasema, basi.
Siku ya nne akafumba macho, akasusa chakula,
mwepesi kiganjani kama ganda la yai lililonyonywa.

Daktari Kuusk, binti asiyetimiza hata thelathini,
aliniuliza: "Mzee Urmas, taa ya nini?"
"Ya kuonea."
"Huyu haombi kuona tu. Anaomba mifupa."
Akanieleza habari ya miale isiyoonekana kwa jicho,
ambayo hata kioo cha dirisha huizuia nje,
na mimi, fundi umeme mwenye cheti ndani ya fremu,
nikaandika nyuma ya risiti kama mwanafunzi.

Basi nikalilaza chali kabati la mwanangu
(yuko Turku, anaunda meli za watu, nguo zake ziko huko).
Nikang'oa milango, nikapiga randa kingo,
nikatandaza udongo na mchanga, kina cha kiganja,
ajifukie apendavyo,
nikaulowesha, maana gamba changa likikosa unyevu
huota vilima.
Kushoto taa ya joto, nyuzi thelathini na tatu
juu ya kigae cha paa. Kulia kivuli,
nusu ya chungu kilichopasuka,
na maji kwenye kifuniko cha mtungi, yasimzidi kidevu.
Juu, mithili ya mwamba wa paa, tyubu ndefu.
Nilipima kwa futi, nikapima tena kwa kijiti:
isiwe karibu ikamwunguza macho, isiwe mbali ikawa pambo.
Mtaka cha mvunguni, wanasema. Mimi niliinama mara kumi na saba
kwa plagi moja.

Saa moja asubuhi, nje bado giza na theluji,
swichi ya saa ikalia tak.
Jua likachomoza ndani ya kabati.
Kivi hakutoka. Saa mbili hakutoka.
Leelo kalala kifudifudi sakafuni, pumzi kaibana,
uji wake unaganda.
Saa tatu kasorobo udongo ukapasuka:
pua, kisha shingo yenye mikunjo kama soksi yangu,
akapanda kigae, akanyoosha miguu yote minne
kama abiria aliyeshuka basi la usiku kucha.
Akafumbua jicho moja. Kisha, bila haraka wala asante,
jani la mchunga: ksh.

Bi Tiiu wa mlango wa pili akagonga:
"Mwanga ule pazia haliuzuii. Mnalima nini humo?"
Siku hizi huja na sindano zake za kufumia,
eti kumwangalia mnyama,
akavuta kiti pale penye joto.

Kwenye ubao wa ndani nimeandika kwa penseli:
*Tyubu ibadilishwe kila mwaka, hata kama inawaka.*
Hilo ndilo lililoninyima usingizi:
kwamba taa huweza kung'aa vilevile, nyeupe, nadhifu,
na kile ilichokuwa ikilisha kimekwisha,
wala hajui mtu ila aliye chini yake.
Nikachora mistari ya tarehe, mwaka kwa mwaka,
maana kobe, alisema daktari, hutuzika.
Wa kwanza nimetia sahihi.
Ubao uliniishia kwenye mwaka wa arobaini na moja.
"Na huu wa chini kabisa," Leelo akauliza, "nani atatia?"
Nikampa penseli aichonge.