Debe Lisilovuma

Machi nilijifunga uzi kwenye kifundo cha mkono,
mwekundu na mweupe, kama tufanyavyo huku Bulgaria
hadi jicho limwone korongo wa kwanza.
Juma lile lile nikafungua shule ya Gorno Vrabche,
shule isiyo na mwanafunzi tangu mtoto wa Feim
alipochukuliwa na wazazi wake kwenda Zaragoza,
nikalipangusa vumbi sanduku la kura,
nikaliweka chini ya ramani ya Ulaya
ambayo bado ina nchi zilizokwisha kufa.
Nilifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja.
Sasa nafundisha watu mahali pa kutia alama.

Walikuja mia mbili na kumi na wawili.
Yordan Kalchev alivaa suti ya harusi yake;
vifungo havikukutana, lakini tai ilinyooka.
Bibi Stoyna aliuliza kama karatasi ile
yaweza kulirudisha basi la saa mbili asubuhi,
lililofutwa wakati wa theluji.
Nikasema kwa sheria siruhusiwi kujibu.
Akacheka: "Kumbe hata wewe hujui."

Serikali haikuundwa.
Redio ilisema "mazungumzo, mazungumzo,"
hata Kamen, mume wangu, akaliita jina hilo
jiko letu linalotoa moshi bila moto.

Julai tukarudia. Mia moja na arobaini,
na nyuki mmoja aliyeingia sandukuni asitoke.
Usiku wa kuamkia kura, gari lisilo na namba
lilipita mtaa wa chini likigawa noti za leva ishirini.
Mkono mtupu haulambwi, najua.
Lakini Ayten alikuja na noti yake imekunjwa,
akainyoosha mezani pangu mbele ya watu:
"Andika kwenye taarifa kwamba nimeilamba,
na haina chumvi."
Niliandika. Sehemu ya Mengineyo, mstari wa pili.
Hakuna aliyepiga simu kuuliza.

Agosti mjukuu wangu Ralitsa alituma picha kutoka Sofia,
yeye katikati ya uwanja uliofurika watu,
mkononi fimbo yangu ya kuonyeshea ramani
(kumbe ndiye aliyeichukua)
na bango limefungwa juu yake:
TUONYESHENI TULIPO.

Septemba bei ya umeme ilipanda ngazi mbili mbili.
Tukahamia chumba kimoja, sisi na viazi.
Oktoba Kamen alianza kukohoa.
Yordan alitupeleka Smolyan kwa gari lake,
vitanda vya hospitali vimefika mpaka ukumbini.
Sisemi zaidi hapo.
Jeneza nalo ni sanduku.

Novemba, sanduku lile lile, vumbi jipya.
Themanini na mmoja.
Husemwa debe tupu haliachi kuvuma.
Basi waliokuwa wakipigiwa debe mchana kutwa redioni
wangekuja kulisikiliza la kwetu:
saa tano asubuhi niliinama nikaligonga kwa kidole,
likanyamaza kama mtu aliyeulizwa deni.
Kwenye orodha, nambari themanini na nane,
jina la Kamen lilikuwa bado lipo,
na nafasi ya sahihi imeachwa wazi, safi.
Dola ilikuwa haijaambiwa.
Au iliambiwa, ikaweka faili juu ya faili.
Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.
Sikulikata. Niliandika: hakufika.

Sasa ni Desemba, na wanasema serikali imepatikana.
Makorongo walikuja, wakazaa juu ya nguzo ya umeme,
wakaondoka, nami nikasahau kuufungua uzi
na kuutundika kwenye mti uliochanua.
Uko hapa bado, umekuwa rangi ya majivu;
sijui tena upi ulikuwa mwekundu.

Leo asubuhi nimemwona Bibi Stoyna kituoni,
ameshika kikapu, skafu imejaa theluji.
"Basi halipiti," nikamwambia.
"Najua. Lakini likipita nisiwepo,
watasema hatukulitaka."
Nikasimama naye kidogo.
Saa mbili ikafika, ikapita.
Hakuna kati yetu aliyetazama barabara.