Damu Inarudi Shingoni

Dakika ya nne, Apondi anakosea.
Anammulika Ambetsa kwa tochi kutoka chini ya kidevu,
na uso wa mtu aliyekunywa chai nasi juzi
unageuka uso wa mzuka.
Ni hila ile ile ya filamu anazozichambua:
mwanga ukitokea pasipotokea jua,
pua ikatupa kivuli juu ya paji.
Nimeandika pembeni mwa daftari: Rahisi mno.
Nimepiga mstari mara mbili.

Dakika ya tisa nimezima feni nisikie vizuri.

Jengo ni lile la nyuma ya stesheni, hapa Nakuru,
zamani sinema, sasa ghala la mbolea.
Viti viling'olewa, skrubu zikabaki sakafuni
safu kwa safu, kama meno ya chini.
Kamera haiendi popote. Inangoja.
Magunia yamepangwa hadi pale palipokuwa pazia,
na kwa sekunde kumi na moja, nimezihesabu,
hakuna mtu, hakuna neno,
ila bati linalolialia likipashwa na jua.
Ndivyo walivyotutisha wale wa kale:
hawakukuonyesha jini,
walikuonyesha mlango,
jini ukalileta mwenyewe, kutoka kwenu.

Halafu anafichua. Kilio cha mlango si cha mlango.
Ni kitambaa kibichi juu ya kioo.
Anakisugua mbele yetu, mchana kweupe,
bangili zake zikigongana,
nami ninayekiona kitambaa, ninayekiona kioo,
vinyweleo vya mkono vimenisimama.
Kujua si kinga. Hilo sikuliandika.

Ambetsa alikaa chumba cha juu, na projekta,
kijana aliyetoka Vihiga na sanduku la mbao.
Apondi anamuuliza, sauti yake nje ya picha:
"Hukuogopa?"

Hapa mwingine angekata.
Angetubandikia kinanda, mwezi, popo wawili.
Yeye anaacha.
Ambetsa anafuta goti lisilo na vumbi.
Gari moshi linapita, anasubiri lipite,
na Apondi hajalitoa hilo gari moshi, Mungu ambariki.

"Watu wakishaondoka nilibaki kurudisha utepe.
Kuna meza yake ya kurudishia, lakini mimi
niliurudisha humo humo mashineni, taa ikiwaka.
Mwenye sinema angejua angenifukuza.
Nikakaa peke yangu nikitazama.
Damu inarudi shingoni.
Meno yanachomoka, tundu linaziba.
Yule binti anatembea kinyumenyume hadi nje ya jumba,
anapanda gari la farasi, linarudi nyuma naye
mpaka kwao, na kwao taa zinawaka.
Mimi niogope nini?
Kwangu wote walifika nyumbani."

Angeweza kutuonyesha. Vipande vya filamu anavyo,
na kugeuza picha irudi nyuma ni kubofya mara moja.
Hakubofya. Ameishusha kamera mikononi mwa Ambetsa:
vidole vinazungusha hewa, kinyume, kinyume,
kimoja hakina ukucha.
Nimekaa mezani pa uhariri miaka kumi na miwili,
sijawahi kuwa na moyo wa kuacha mikono peke yake hivyo.

Filimbi ya mwishoni siipendi.
Alhamisi nitamwambia, na tochi pia.

Usiku huu nilitaka kuiona mikono tena.
Nikashika kitufe, picha ikarudi nyuma:
Ambetsa akayameza maneno yake moja moja,
gari moshi likapita kinyume,
vumbi lisilokuwepo likarudi gotini,
na vidole, vile vile vilivyozungusha kinyume,
sasa vinazungusha mbele.
Mbele.
Gari la farasi likageuka.
Nikamwona binti akishuka, akiinua upindo wa gauni,
akipanda ngazi za lile jumba.

Niliachia kitufe haraka kama aliyeshika chungu cha moto.
Nikaiacha filamu iende inavyokwenda.
Nikawasha feni, ipate kuwako sauti.