Injini Isizimwe

Saa kumi na moja alfajiri, Dakota ya Kaskazini,
Rolanda Azure huanza siku kwa kupiga magoti thelujini.
Hasali. Anachungulia chini ya basi,
tochi mdomoni, glavu moja imevuliwa,
anagusa ekseli, anagusa mabomba,
anapapasa nyuma ya kila gurudumu.

Basi la shule, namba kumi na nne, rangi ya kiini cha yai.
Nani atatega bomu kwenye barabara hii
yenye sungura na masanduku ya barua tu?
Anajua. Anachungulia hivyo hivyo.
Miaka kumi na tisa tangu malori ya Iraki,
na magoti bado hayajapata habari.

Siku moja huko chini alimkuta mbwa wa akina Laframboise,
amejikunyata, pua mkiani.
Alimvuta taratibu, akamfunika koti lake.
Watoto wakachelewa dakika sita,
na hakuna mzazi aliyelalamika.

Anawajua kwa vituo vyao:
mwenye buti mbili za kushoto,
mapacha wa kona ya kanisa wasiosemezana,
na Emeti, ambaye asipoonekana barabarani
Rolanda hapigi honi. Anashuka,
anagonga mlango, anauliza kama kuni zipo.
Mara mbili hazikuwapo.
Jioni zikawapo, zimepangwa barazani,
na thelujini nyayo za mtu mmoja, za kuja na kurudi.

Leo ni tarehe kumi na moja Novemba.
Ukumbini tumepanga viti kumi na viwili,
keki, bendera za karatasi.
Wazee wameketi na kofia zao,
medali zinagongana kama vijiko.
Mkuu wa shule anasoma majina.
"Rolanda Azure."
Makofi. Kiti kitupu.
Makofi yanapoa yakimtafuta mtu.

Nikatumwa mimi, mwalimu wa darasa la tatu,
niliyepanda basi hilo hilo nikiwa kibogoyo wa miaka saba.
Nilimkuta kwenye usukani, injini ikinguruma.
"Wanakuita."
"Nikizima haitawaka. Baridi hii,
dizeli itaganda kama mafuta ya kondoo."
"Nitakushikia mimi."
Akanitazama kupitia kioo kirefu.
"Wewe? Ulinitapikia kiti cha saba."

Basi nikaenda kukaa kiti cha saba.
Ndani ngoma ya heshima ilianza,
ikapenya ukuta, ikapenya bati.
Kidole chake kimoja kikaifuata juu ya usukani,
kidogo tu. Kisha akavaa glavu.

Kengele. Watoto wakatoka mbio, mvuke midomoni,
Emeti mbele, kipande cha keki mikononi mwake
kama mtu aliyebeba yai.
Rolanda akashuka. Akapiga magoti.
Emeti naye akapiga magoti kando yake,
sukari ikigusa theluji,
akachungulia kwa makini toka gurudumu hadi gurudumu.

"Hakuna kitu," akasema.
"Hakuna kitu," Rolanda akajibu,
na ndipo mlango ulipofunguliwa.