Fomu ya Kobe

Somoe alimkuta chini ya mkorosho
tulipokuwa tunafyeka, huku kwetu Newala.
Akampa jina kabla ya kunipa habari:
Sadala. Gamba ukubwa wa kawa.

Nikasema, twende kwanza tukaulize.
Watu wamefungwa kwa vidogo kuliko hivi.

Tukampakia kwenye ndoo ya rangi
hadi ofisi ya maliasili.
Afisa Chilumba akavaa miwani,
akampima kwa futikamba ya fundi cherehani,
akanisukumia fomu.
Amepatikana wapi. Atalala wapi. Atakula nini.
Nikajibu kama mtu anayeposa.

Kisha: umri wa mwombaji.
Hamsini na mitatu.
Umri wa mnyama.
Chilumba akacheka: "Huyu atakuzika,
na atakayekuzika naye atamzika."

Kobe alikuwa ameinama ndani ya ndoo.
Wanasema akiinama anatunga sheria;
siku ile, naona, alikuwa anaisoma tu.

"Wa porini arudi porini," akasema Chilumba.
"Ukitaka wa kufuga, chagua aliyezaliwa bandani,
na kibali kitangulie, kobe afuate.
Yeye hana haraka."

Somoe hakusema neno njia nzima.
Alimweka pale pale,
kichwa kikielekea kivulini.

Fomu ninayo bado, chini ya godoro,
mstari wa jina mtupu.
Lakini msimu huu wa mabibo
kila asubuhi Somoe anaacha moja shinani,
na kila jioni
limemegwa,
bila alama ya jino.